Kufuma zulia la ukutani kwa sufu uliyoitia rangi mwenyewe

Mikono iliyokulia kwenye ukili imezoea kukaza. Shangazi aliyenilea hapa Ngamiani, Tanga, alikuwa akikaa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, shupatu limemlalia miguuni, na kila mwaa aliouingiza aliuvuta mpaka ukalia. "Ukili ukilegea hauwi mkeka," ndivyo alivyotufundisha. Nilipoanza kufuma sufu, mikono hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Kazi yangu ya kwanza ilianza na upana wa sentimita 40 chini, ikaishia na sentimita 31 juu, imebana kama shingo ya mtungi.

Nauandika mwongozo huu nikimfikiria mtu wa Pwani anayejua kusuka, kushona au kudarizi, ambaye sasa anataka kufuma picha ya ukutani. Nusu ya kazi unaijua tayari. Nusu nyingine ni kuifundisha mikono kulegeza: kulegeza uzi, na kulegeza moto.

Zulia la namna hii wengine huliita tapestri. Uzi wa wima, yaani mtande, unafunikwa wote usionekane. Uzi wa kulala, yaani mshindio, ndio unaobeba rangi, na kila rangi inakwenda na kurudi ndani ya eneo lake tu, haivuki upana mzima wa kazi. Picha haidariziwi wala haichapwi juu ya nguo. Inazaliwa pamoja na nguo.

Hakikisha ni sufu

Sufi ni ile ya msufi tunayojazia mito. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kondoo wetu wa Pwani na wa Umasaini hawana, wana nywele fupi tu. Sufu ya kufumia hutoka kwa kondoo wa nchi za baridi. Kwa sisi wa Tanga njia fupi ni kuagiza kutoka nyanda za juu za Kenya, pande za Nanyuki ambako wapo wanaosokota kwa mkono, mzigo ukapitia Horohoro. Agiza uzi mweupe usiotiwa rangi, wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja.

Usilipe kabla ya kuuchoma. Niliwahi kuuziwa vibumba kumi vya uzi wa sweta nikiambiwa ni sufu safi. Nikaviinjika na maganda ya vitunguu siku nzima. Maji yakabaki na rangi yake, uzi ukabaki na weupe wake. Ilikuwa akriliki, yaani uzi wa plastiki, na akriliki haishiki rangi za mimea. Siku hizi nakata kipande cha urefu wa kidole, nakishika kwa kibano, nakiwasha. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inasita kuwaka, ukiitoa motoni inazimika, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Kwa kazi ya kwanza ya sentimita 40 kwa 50, nusu kilo inatosha na itabaki. Igawe vitita vitano vya gramu 100. Pindua stuli miguu juu, zungushia uzi kwenye miguu yake upate pete kubwa, kisha ifunge mahali panne kwa uzi wa pamba. Vifungo viwe vimelegea. Kifungo kikibana, pale chini rangi haiingii, na utakuja kukutana na alama nyeupe katikati ya picha yako.

Maji

Hapa Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa; aliyeingia mapango ya Amboni ameyaona kwa macho yake. Maji ya visima vingi ni magumu, sabuni haitoi povu, na rangi za mimea hubadilika ndani yake. Ukitaka kuona, koroga bizari ya manjano kwenye maji yenye chokaa: inageuka nyekundu mbele yako. Mimi nakinga maji ya mvua wakati wa masika, na mvua ya kwanza naiacha ioshe bati, maana upepo wa bahari huacha chumvi na vumbi juu yake. Madumu manne ya lita 20 yananitosha kwa nusu kilo ya sufu tangu kuosha mpaka suuza ya mwisho. Kama huna maji ya mvua, ya bomba yanafaa, ila usichanganye vyanzo viwili katika kazi moja.

Kuosha, kisha shabu

Unywele wa sufu una magamba madogo sana, kama ya samaki. Joto, maji na msuguano vikikutana, magamba hayo hung'ang'aniana na hayaachani tena; uzi unajikunja, unanenepa, unakuwa kama blanketi kuukuu. Miyaa tunaitumbukiza kwenye rangi inayotokota na hakuna kinachoharibika. Ukiifanyia sufu hivyo, umeipoteza.

Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, nusu saa. Ibonyeze chini kwa kiganja, iachie. Usisugue, usiikamue kwa kuipotoa. Isuuze kwa maji ya joto lilelile, kwani kuitoa kwenye moto na kuitia kwenye baridi ghafla nako huikunja.

Sasa shabu, ile ya mawe meupe inayouzwa maduka ya dawa za asili. Bila shabu rangi nyingi za mimea huondoka na maji. Kipimo ni gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, kwa hiyo gramu 60 kwa nusu kilo. Pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. Itwange, iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji moto, kisha imimine kwenye sufuria yenye lita 15 hadi 20 za maji ya vuguvugu. Sufuria ya stenlesi ndiyo nzuri. Ya chuma hufifiza rangi. Na sufuria utakayoitumia kwa kazi hii isirudi tena kupikia chakula.

Tia sufu ikiwa imelowa. Pandisha joto polepole kwa muda wa saa nzima mpaka uone mvuke na uso wa maji unatetemeka, vipovu vidogo vinapanda kandokando ya sufuria. Kama una kipimajoto, ni nyuzi 80 hadi 85. Hapo ndipo mwisho, maji yasitokote. Kwa jiko la mkaa kazi ni kupunguza makaa, na usiondoke kwenda sokoni ukaliacha. Kaa hivyo saa moja, epua, funika, iache sufu mle ndani mpaka asubuhi.

Rangi

Nasema wazi, manjano usiyatumie kwa kitu cha ukutani. Yanashika haraka na yanapendeza siku ya kwanza, ila jua linayala. Nilifuma machweo ya Raskazone kwa manjano, nikayatundika mkabala wa dirisha, na kabla ya mwaka kuisha jua lote limekuwa rangi ya maziwa. Zingefuri ni vivyo hivyo. Hata rangi za unga tunazotilia ukili zinaivaa sufu vizuri, lakini kila mwenye mkeka wa miaka mitatu anajua zinavyopauka.

Kwa dhahabu inayodumu kiasi, tumia maganda ya vitunguu vyekundu. Nenda soko la Mgandini asubuhi wauza vitunguu wanapokung'uta magunia, uombe yale makavu yanayobaki chini. Mimi sijawahi kulipia. Gramu 100 za maganda kwa gramu 100 za sufu. Yaloweke usiku kucha, yachemshe saa moja (hapa tokosha upendavyo, sufu bado haijaingia), yachuje, maji yapoe, ndipo utie sufu yenye shabu na upandishe joto polepole kama mwanzo. Baada ya saa moja utapata rangi kati ya dhahabu na chungwa. Kitita cha pili kitie kwenye maji yaleyale, kitatoka kimepoa zaidi, na kabla ya kukitoa ongeza vijiko viwili vya maji ya kutu. Ndani ya dakika kumi dhahabu inageuka kijani cha zeituni. Maji ya kutu ni misumari mikuukuu uliyoiloweka wiki mbili kwenye siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili. Usizidishe: chuma kingi huifanya sufu ikatike baada ya miaka.

Kahawia naipata kwenye magome ya mvinje, yale ya miti iliyoanguka au inayokatwa kuni. Wazee walitumia magome ya mkandaa, na wekundu wake hauna mfano, lakini mikoko yetu inalindwa na mti ukichunwa gome unakufa. Mvinje unatosha. Vunja magome vipande vidogo, uyape usiku mbili kwenye maji kabla ya kuyachemsha.

Buluu ni nili ya unga itokayo kwenye mmea wenyewe. Ile ya kufulia nguo nyeupe haifanyi kazi hii. Nili haiyeyuki katika maji ya kawaida. Lazima iondolewe hewa. Uwiano ni wa kukumbukika: nili sehemu 1, chokaa sehemu 2 (chokaa ileile ya tambuu, ikiwa kavu), sukari ya matunda (fructose) sehemu 3. Gramu 10 za nili zitoshe ndoo ndogo ya maji ya joto ambayo mkono unaweza kuyavumilia kwa shida. Koroga taratibu, funika, ngoja saa moja au mbili, mpaka maji chini yawe ya kijani cha njano na juu patande utando wa rangi ya shaba. Vaa glovu, chokaa inababua. Zamisha sufu iliyolowa dakika tano bila kuitikisa, kisha inyanyue.

Hapo nakuomba usimame utazame. Inatoka kijani kama jani changa la mgomba. Hewa inapoigusa, buluu inaanzia kwenye kingo za kitita, inaingia ndani uzi kwa uzi, na ukihesabu dakika tano kijani yote imekwenda. Nimefanya hivi mara nyingi na bado namwita mtu yeyote aliye karibu aje aone. Ukitaka buluu ya bahari ya mbali, zamisha mara ya pili na ya tatu. Mwisho suuza kwa maji yenye siki kidogo, kwa sababu chokaa huiacha sufu ikiwa kavu na ngumu. Nili haihitaji shabu.

Kitita cha tano kiache cheupe.

Kabla ya kufuma, zungushia nyuzi za kila rangi kwenye kadi, funika nusu kwa karatasi nene, weka dirishani penye jua wiki tatu. Ukiifunua utajua ipi itakusaliti.

Kiunzi na mtande

Mwambie seremala akuundie fremu ya mbao za mbili kwa mbili, sentimita 60 kwa 80 kwa ndani, na kona zote ziwekewe kabari, maana mtande uliokazwa una nguvu ya kupinda mbao. Piga misumari 40 juu na 41 chini, kila sentimita mmoja, ya chini ipishane na ya juu kwa nusu sentimita. Uzi ukianzia msumari wa kwanza wa chini, ukapanda na kushuka mpaka wa mwisho, utapata nyuzi 80, mbili katika kila sentimita.

Uzi uwe wa pamba uliosokotwa sana. Nailoni ya nyavu inavutika na inateleza. Katani, ingawa ni fahari ya mkoa wetu tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893, inakwaruza sufu. Ihifadhi kwa zulia la kukanyagia.

Mtande peke yake ndio unaoruhusiwa kukazwa. Ugonge kwa kidole kama mpiga ngoma anavyojaribu ngozi: nyuzi zote zilie sauti moja. Kisha pitisha kibao chembamba juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata mpaka mwisho. Ukikisimamisha, mwanya wa kwanza unafunguka. Zile nyuzi zilizobaki nyuma zifungie vitanzi vya uzi kwenye ufito. Ukiuvuta, mwanya wa pili unafunguka.

Picha

Zipo njia mbili, na bara letu limezifanya zote kwa heshima. Huko Harrania nchini Misri, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef aliwafundisha watoto wa kijiji kufuma moja kwa moja kwenye kiunzi bila mchoro wowote mbele yao, kwa sufu iliyotiwa rangi za mimea. Huko Thiès nchini Senegal, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1966 zama za Rais Senghor kinafuma kutoka kwenye michoro ya wasanii. Anza kwa njia ya pili. Chora picha ya ukubwa kamili, kwa mistari mizito, uifunge nyuma ya mtande.

Chagua umbo la mshazari. Mstari uliosimama wima ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu rangi mbili zikirudi nyuma kwenye uzi uleule wa mtande kila mara, huacha mpasuko kati yao. Mshazari hauna shida hiyo. Kila mlalo unasogea uzi mmoja wa mtande na kingo inapanda yenyewe. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza achore mmea wa mkonge: majani yote yametawanyika kwa mshazari kutoka katikati. Kama picha yako ina milingoti au minazi, igeuze, uifume ikiwa imelala ubavu.

Kufuma

Anza na sentimita mbili za uzi wa pamba tupu, ziwe upindo. Kisha sufu, nyuzi mbili pamoja. Kama mtande unachungulia hata baada ya kushindilia, mshindio ni mnene mno au umevutwa.

Na hapa ndipo penye kazi. Mshindio haupiti sawa kama rula, unapanda na kushuka juu ya kila uzi wa mtande, kwa hiyo unahitaji urefu zaidi ya upana unaouona. Ukiulaza ukiwa umenyooka na kuushindilia, utautafuta urefu huo kwenye kingo, na kingo zitaingia ndani. Dawa yake ni kuulaza kwa kilima: fungua mwanya, pitisha uzi, uache upande juu katikati kama upinde. Kwa eneo la sentimita 20 kilima kifike sentimita 4 au 5. Kisha ubonyeze kwa kidole katikati, vipatikane vilima viwili, kila kimoja ukibonyeze tena, ndipo ushindilie kwa uma wa mezani.

Shangazi alipokuja kukaa kando yangu mara ya kwanza, alivumilia mistari mitatu tu.

"Mbona unauacha umelala kama nyoka, mwanangu? Ukaze."

"Nikiukaza, shangazi, pembeni pataingia ndani. Hebu tazama."

Nikaushindilia kwa uma. Kilima kikazama, uzi ukajificha kati ya mitande, kingo ikabaki palepale. Akanyamaza. Kisha akachukua uma mkononi mwangu, akaufanya mstari wa kwake, na kwa mazoea ya miaka hamsini akauvuta. Tukaufumua pamoja, akarudia.

Pima upana kila sentimita 3. Ukipungua hata nusu sentimita, usijifariji kuwa utautengeneza mbele; fumua mpaka pale ulipokuwa sawa. Rangi mbili zinazopakana zitembee kwa kukutana na kuachana: moja ikienda kulia, jirani yake ije kushoto, zote ndani ya mwanya mmoja. Zikifuatana upande mmoja, mwanya unakorofisha pale zinapogusana. Mipasuko mifupi iache, inatupa kivuli kizuri. Inayozidi sentimita 2 ishone kwa sindano kabla hujaendelea juu. Ncha za nyuzi ziache nyuma, urefu wa vidole viwili.

Usifume ukiwa na haraka ya kumaliza rangi moja. Sehemu moja ikipanda sana, iliyo chini yake inaweza kufungiwa usiweze kuifikia. Tangulia kila mara na umbo linalopungua kwenda juu, halafu lile linaloliegemea.

Kushusha na kutundika

Malizia kwa upindo wa pamba kama mwanzo. Kata mtande, nyuzi mbili mbili, ukifunga mafundo kadiri unavyokata. Laza kazi kifudifudi, tandaza kitambaa kibichi, ipitishie pasi ya moto bila kuikandamiza; mvuke ndio unaofanya kazi. Pinda pindo zote mbili nyuma, uzishone, na upande wa juu shonea mkanda wa kitambaa ambamo ufito utapita.

Kuta zetu hutoa jasho wakati wa masika. Weka vijiti viwili vya unene wa kidole nyuma ya kazi ili hewa ipite, na usiitundike mkabala wa dirisha. Nondo nao wanapenda sufu mahali penye giza na pasipoguswa, kwa hiyo ishushe kila baada ya miezi michache, ikung'ute nje, uiangalie nyuma. Ukikuta vitundu au viwavi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, uiweke kwenye friza wiki nzima. Majani ya mwarobaini husaidia kuwafukuza, hayawaui walioingia.

Masalio ya kila rangi yafungie kadi yenye tarehe, kipimo cha maganda na maji uliyotumia. Siku uzi utakapokatika, hutaweza kuipata tena rangi ileile kwa kubahatisha.